Jiwe Lililoandikwa Kaa

Zamani mgeni wa mji huu alitembezwa, siku hizi anapitishwa.

Tofauti ya maneno hayo mawili aliijua vizuri mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na minane, mtembeza wageni ambaye mji mzima ulimwita Taratibu. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mkewe, naye alilitoa siku za hasira tu. Taratibu ndilo neno alilolisema zaidi maishani. Alilisema penye ngazi za ngome zilizolika katikati kama kipande cha sabuni, alilisema kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wanene hawawezi kupishana bila kujuana, na alilisema gatini penye utelezi, ambapo mabwana wengi wenye viatu vya ngozi wamekaa kitako bila kukaribishwa.

Shuleni alifika darasa la sita. Mengine aliyaokota. Muuza karatasi kuukuu wa sokoni alikuwa akimwekea vitabu visivyo na jalada na magazeti ya miaka iliyopita kabla hayajafungiwa sabuni, naye aliyasoma yote mpaka matangazo ya vifo. Alikuwa na kamusi iliyochanwa mwanzoni, inayoanzia herufi ya D, na mkewe alipenda kusema kwamba mume wake ni msomi kuanzia D kwenda mbele, lakini "adabu" na "aibu" havimo.

Kila mji mkongwe wa pwani una ukuta, mnara wa taa na mizinga iliyozibwa midomo na kutu. Vitu hivyo mgeni anaweza kuviona mwenyewe, hata akiwa na chongo. Alichokuwa nacho Taratibu ni kivuli. Wageni huja kiangazi, na kiangazi mawe ya mji huu huwaka kama kikaango. Yeye alijua saa mbili asubuhi kivuli cha ghala la forodha kimefika mlango gani, saa tatu kichochoro cha wahunzi kina baridi upande upi, na saa nne ni nyumba ipi inayoegemea barabara kiasi cha kufunika watu wanane. Wanane, si zaidi. Mgeni wa tisa aliambiwa arudi kesho. Watu walidhani mzee anafuata historia. Alikuwa anafuata kivuli, na historia aliisimulia pale kivuli kilipomsimamisha.

Katikati ya safari alikuwa na kituo chake kimoja alichokipenda kuliko ngome na mnara. Nyuma ya forodha ya zamani kuna nyumba ya ghorofa moja yenye madirisha ya mbao, na chini ya dirisha kuna benchi la jiwe lenye urefu wa mtu aliyelala. Ubavuni mwa jiwe yamechongwa maandishi makubwa: KAA. Taratibu alikuwa akiwafikisha wageni hapo, ananyamaza, anawaacha walisome wenyewe, kisha anasema, "Mwenye nyumba hii aliwapenda watu mpaka akaliagiza jiwe liwakaribishe. Haya, jamani, msilikatalie jiwe." Nao walikaa. Hapo mlango ulifunguka, akatoka bibi wa nyumba, mwembamba kama ufito, na maji ya mtungi na bilauri mbili zilizozunguka mkono kwa mkono. Mji ulimwita Bi Mtungi. Hakuuza kitu. Aliwauliza wametoka wapi, wamewaacha watoto na nani, na mguu ule unauma tangu lini. Wageni waliorudi mwaka wa pili hawakuulizia mnara. Walimuulizia yeye.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka ofisi ya wageni ilipopata akili mpya.

Akili yenyewe iliitwa Mambo Kumi ya Kukumbukwa Kiangazi Hiki. Ya kukumbukwa! Mtu hajayafanya, tayari ameshaamuliwa kwamba atayakumbuka. Vilipandwa vijiti kumi vya chuma vyenye namba, kuanzia lango la bahari mpaka kwenye mnara, na chini zikapakwa nyayo za manjano ili mtu asije akapata bahati ya kupotea. Mgeni alipewa vizibo vya masikioni, simu ikamsemesha, na kila namba ilitengewa dakika tisa. Namba moja, piga picha langoni. Namba tatu, panda ukutani upige picha ya lango. Namba tano, piga makasia kwenye mtumbwi wa plastiki ndani ya eneo lililozungushiwa kamba kama bwawa la bata. Watu walianza kupishana mitaani wakiwa na nyuso za wagonjwa wanaosubiri kuitwa, kila mmoja anacheka peke yake kwa mzaha ambao mwenzake ataufikia baada ya dakika nne.

Namba saba ilikuwa Nyumba ya Kaa. Juu ya dirisha la Bi Mtungi kilipigiliwa kibao chenye picha ya kaa wa baharini, mwekundu, magando juu, anacheka.

Aliyeleta akili hiyo hakuwa mtu wa mbali. Mkuu mpya wa ofisi ya wageni alikuwa binti wa marehemu mdogo wake Taratibu, msichana aliyekulia nyumbani kwake akila sahani moja na watoto wake. Ofisini alimwita "Mzee". Nyumbani alimwita "Baba mkubwa". Siku alipokuja na barua, alivua viatu mlangoni, akamsalimu, akakaa ukingoni mwa kiti, na mzee hakujua ni yupi kati ya hao wawili aliyekuja.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo bahasha ni ya Baba mkubwa au ya Mzee?"

Binti akacheka kidogo, halafu akaacha. "Ya wote wawili. Watembeza wageni wote wanaangaliwa upya. Jumamosi nitafuatana na kundi lako. Ukifuata zile namba kumi, kwa mpangilio, na kusema maelezo yaliyoandikwa, unaendelea na beji yako. Usipofuata..."

"Naambiwa asante."

"Unarudisha beji. Si mimi, Baba mkubwa. Ni utaratibu wa manispaa."

"Nami ndiye Taratibu wa manispaa," mzee alisema. "Kumbe tumekuwa wawili." Akafungua karatasi, akaisoma kuanzia juu, akafika namba saba. "'Nyumba hii ilikuwa ya nahodha aliyependa kaa kiasi cha kulichonga jina lao kwenye jiwe.' Nani kakwambia hivi?"

"Imeandikwa kaa, na mji ni wa bahari. Ingekuwa nini kingine?"

"Kaa. Kaa! Kama ninavyokwambia wewe, kaa vizuri kwenye kiti, utaanguka!"

"Baba mkubwa, una ushahidi?"

Hakuwa nao. Alikuwa na miaka thelathini na minane ya kusema hivyo hivyo, na hiyo haikubaliki ofisini. Binti alipoondoka, mkewe, aliyekuwa akisikiliza huku akijifanya anakunja nguo, alikuja kusimama mbele yake na shuka mkononi.

"Wewe sema kaa, urudi nyumbani. Huyo kaa hatakuuma."

"Nitawadanganya watu."

"Basi wadanganye taratibu. Bila beji utafanya nini? Utashinda hapa unanitembeza mimi, jikoni mpaka uani? Sina kivuli cha kukutosha."

Alisema kwa utani, lakini hakuwa anatania, na mzee alijua. Beji ile ya bati, iliyochubuka rangi pembeni, ndiyo iliyomruhusu kusimama mbele ya watu asiowajua na kufungua mdomo. Bila hiyo, mzee anayewafuata wageni barabarani akiwasimulia habari za kuta anaitwa kwa jina jingine, na polisi humwondoa kwa adabu. Basi siku tatu zilizobaki alijifunza maelezo ya ofisi kwa moyo, akitembea ukumbini, mikono nyuma. Namba saba aliirudia mara nyingi kuliko zote. Ijumaa jioni aliisema yote, mpaka nahodha na mapenzi yake, na mkewe akampigia makofi kwa kandambili. Alikuwa ameamua. Atasema kaa ni kaa wa baharini, na beji itabaki kwenye mfuko wa shati.

Jumamosi saa mbili asubuhi, pale forodhani, kundi lilikuwa dogo, watu watano. Fundi viatu mmoja wa mji wa bara, mtu mpole mwenye vidole vyeusi vya gundi, mkewe, na mama mkwe wake, mwanamke mzito mwenye mwavuli na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Wengine wawili walikuwa maharusi wa wiki moja, waliojipiga picha hata wakati wa kusalimiana. Nyuma yao alisimama mkuu wa ofisi na ubao wake wa kuandikia, fomu moja, penseli na saa.

"Huyu naye mgeni?" mama mkwe aliuliza akimnyooshea mwavuli.

"Huyu ni binti yangu," alisema Taratibu. "Amekuja kuona kama najua njia."

"Miaka yote hiyo hujaijua? Basi tumekwisha."

Walianza na namba moja. Taratibu alisema maneno ya karatasi, yote, na binti akaweka alama. Namba mbili, alama. Namba tatu waliipanda ngazi ya ukuta, na jua lilikuwa limeshapanda kabla yao. Huko juu hakuna hata kivuli cha kunguru. Dakika tisa za ofisi zilikuwa ndefu kuliko hotuba. Maharusi walipiga picha. Fundi viatu alitazama viatu vya watu. Mama mkwe alifungua mwavuli, upepo wa bahari ukaupindua nje ndani, akabaki ameshika kitu kama ua lililokufa.

"Mwanangu," alimwambia Taratibu, ambaye alikuwa amemzidi miaka kama mitano, "mimi nimekuja kutembea. Sikuja kukaushwa."

"Bado dakika nne, mama," alisema mkuu wa ofisi.

"Za nani?"

Namba nne ilikuwa uwanja wa mizinga, mawe meupe matupu. Hapo miguu ya mama mkwe ilianza kuchora nane. Mkwe wake akamshika mkono huu, mkewe ule. Namba tano iliwasubiri ufukweni, juani pia. Namba sita ilikuwa nyuma ya ufukwe, juani zaidi. Taratibu aliangalia ukuta wa forodha upande wa pili wa uwanja. Saa tatu na nusu. Alijua, bila hata kufikiri, kwamba kwenye benchi la Bi Mtungi kivuli kilikuwa kimebakiza robo saa, na baada ya hapo mtaa ule wote hauna pa kujificha mpaka alasiri.

Aliziacha nyayo za manjano, akaingia kichochoro cha wahunzi, na watu wakamfuata kama maji yanavyofuata mfereji.

"Baba mkubwa!" Ilikuwa mara ya kwanza kazini kumwita hivyo. "Tumeruka ya tano na ya sita!"

"Hazikimbii hizo, mwanangu. Kinachokimbia ni kivuli."

Walitokea mbele ya nyumba yenye kibao cha kaa mwekundu. Jiwe lilikuwa bado baridi. Na hapa ndipo Taratibu alipokuwa amejiandaa siku tatu. Alisimama upande wa dirisha, akajikohoza, akamtazama binti wa marehemu mdogo wake, aliyekuwa tayari na penseli juu ya mstari wa saba, na macho yake yakiomba. Akafungua mdomo.

"Nyumba hii," alisema, "ilikuwa ya nahodha..."

Akasikia nyuma yake mguno mrefu wa raha. Mama mkwe alikuwa ameshajimwaga kwenye jiwe, miguu mbele, mwavuli chini.

"Mama," mkewe fundi alimnong'oneza, "subiri tuambiwe."

"Niambiwe nini tena? Hapa imeandikwa kaa, nami nimekaa."

Fundi viatu alicheka mpaka akashika tumbo. Taratibu alifunga mdomo. Nahodha akamfia ulimini.

"Hapana, mama," alisema mkuu wa ofisi, kwa sauti ile ya ofisini, "huyo ni kaa wa baharini. Tazama pale juu, kibao kipo. Mzee, endelea tafadhali."

"Kaa wa baharini anaandikwa ya nini kwenye benchi?" mama mkwe alisema. "Ili nimkalie?"

"Mimi ningesema ni kaa la moto," alisema bwana harusi. Tangu asubuhi hakuwa amezungumza. "Labda waliuza mkaa." Mkewe akamtazama kama mtu aliyeolewa na mwanafalsafa bila kuambiwa.

"Mzee," alisema binti, taratibu sasa, "sema maelezo tu. Sentensi mbili."

Basi mlango ukafunguka, akatoka Bi Mtungi na maji yake. Alikuwa na miaka themanini na mitano na alitembea akigusa ukuta, lakini masikio yake yalikuwa ya paka. Alimpa mama mkwe bilauri ya kwanza bila kuuliza, akasubiri anywe, akampa ya pili.

"Mnagombania jiwe langu?" alisema. "Nyote mmekosa."

"Mimi pia?" aliuliza Taratibu.

"Wewe ndiye wa kwanza, mdogo wangu."

Akaweka mtungi chini, akashika kiuno. Babu yake, alisema, alikuwa mpima mizigo wa forodha, mtu wa roho ndogo, Mungu amrehemu. Kila mwaka aliipaka nyumba chokaa, na kila mwaka wapagazi waliotoka melini waliegemea ukuta huo kupumzika, migongo imejaa mafuta na masizi ya mizigo. Ukuta ukawa na picha za migongo kuanzia mwanzo wa mtaa mpaka mwisho. Babu akamwita mchonga mawe, akamwagiza bamba refu, akalisimamisha hapo chini ya dirisha. Liliandikwa KAA MBALI.

Hata bwana harusi alishusha simu.

"Mimi nikiwa mtoto, walikuja watu wa mabomba wakachimba," aliendelea. "Wakalivunja. MBALI wakalifukia huko na mabomba yao, KAA likabaki limelala barabarani. Mama yangu akaona ni hasara jiwe zuri kutupwa, akaliweka juu ya mawe mawili lisiwakwaze watu. Asubuhi yake akamkuta mpagazi amelikalia. Akataka kumfukuza. Yule mpagazi akamwonyesha maandishi, akamwambia, 'Samahani mama, nilidhani nimekaribishwa.' Mama akacheka, akaingia ndani, akamletea maji. Ndiyo hayo maji mpaka leo."

"Na mimi," alisema Taratibu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka yote hii unanisikia hapa nje ninawaambia watu kwamba mwenye nyumba aliwapenda binadamu."

"Nakusikia. Siku ya kwanza ulikuja na wageni wanne, umevaa shati la kuazima, ukasema hivyo kwa sauti ya kuhutubia. Nikajua babu yangu amegeuka kaburini. Nikasema, mwache ageuke, alilala upande mmoja mno." Akamjazia bilauri. "Kunywa. Ungejua, ungewaleta?"

Mtu anaweza kukosa jambo moja maisha yake yote na watu wakapumzika juu ya kosa hilo. Hilo halimo katika kitabu chochote alichokiokota, chenye jalada au kisicho na jalada. Alikunywa. Jua lilikuwa limeshafika kwenye vidole vya miguu ya mama mkwe, naye akaivuta ndani polepole, kama anayewapisha watu.

Binti wa mdogo wake alikuja akasimama karibu naye, akiwapa wageni mgongo.

"Baba mkubwa, afadhali. Umeona? Wewe umekosa, mimi nimekosa. Sasa ina tofauti gani? Sema ya nahodha, nitie alama, twende namba nane. Nakuomba. Mimi ndiye nitakayeisaini ile barua."

"Jana ningesema," alijibu. "Hata dakika tano zilizopita nilikuwa nimeshafungua mdomo, uliniona. Nilikuwa nasema nisichokijua, na watu wote wa kazi hii husema wasichokijua, tusidanganyane. Lakini sasa najua. Nikisema nahodha sasa hivi, huyu mama aliyenipa maji yupo hapa ananisikia."

"Basi utasema nini?"

"Nitasema alivyosema yeye."

"Hayamo kwenye karatasi."

"Andika ulichoona, mwanangu. Ndiyo kazi yako."

Alisema. Aligeuka akawaambia wageni habari za mpima mizigo na migongo ya wapagazi, ingawa walikuwa wamezisikia sasa hivi kwa mwenyewe, na akaongeza kwamba yeye amewasimulia watu vibaya kwa miaka thelathini na minane na anaomba radhi kwa wasiokuwepo. Mama mkwe akasema radhi imekubaliwa kwa niaba yao. Walikaa pale, wakisogea kadiri jua lilivyosogea, mpaka wote watano walikuwa wamebanana kwenye ncha moja ya benchi kama nguo kwenye kamba. Bi Mtungi alimuuliza bi harusi mambo ambayo hayaulizwi, na bi harusi akajibu. Fundi viatu aliomba kiatu cha Bi Mtungi, akakitazama kisigino, akakirudishia gundi kutoka mfukoni. Namba nane, tisa na kumi hawakuzifikia.

Binti alijaza fomu kwa penseli. Mzee aliliona hilo. Wino ulikuwepo, kalamu ilikuwa imechomekwa kwenye ubao, lakini alijaza kwa penseli, akaondoka bila kuaga, akipita juani katikati ya barabara.

Jumatatu asubuhi Taratibu alikwenda ofisini kwa binti. Ofisi ile zamani ilikuwa stoo ya kamba za meli. Sasa ina kiyoyozi na picha ya yule kaa mwekundu ukutani, kubwa kama mlango. Fomu ilikuwa mezani, bado ya penseli, na pembeni yake raba mpya, haijatumika.

"Nimezungumza na wakubwa," binti alisema haraka, kabla mzee hajaketi. "Kuna njia. Tutarekodi sauti yako. Ndiyo itakayokuwa kwenye simu, namba zote kumi. Watu wataisikia hata ukiwa umelala. Kila mgeni, Baba mkubwa, si wanane tu!"

"Itasema nini, namba saba?"

Akatazama meza. "Vibao vimeshachapishwa. Na kofia."

"Na kofia," alisema mzee. "Sauti yangu iende matembezi bila miguu yangu, ikaseme uongo juani. Hapana, mwanangu. Asante. Najua umehangaika."

Alifungua pini ya beji. Ilikuwa imeshika kutu kwenye kitambaa, ikawa shida kutoka, na binti ikabidi ainuke amsaidie, kama alivyokuwa akimsaidia alipokuwa mdogo kutafuta kifungo kilichoanguka. Shati lilibaki na matundu mawili. Akaiweka juu ya fomu. Binti alichukua kalamu, akapitisha wino juu ya penseli, mstari kwa mstari, bila kukosea, na machozi yakidondoka kando ya karatasi, si juu yake. Ni msichana msafi wa kazi. Aliyemfundisha kuandika bila kuchafua daftari ni mzee mwenyewe.

Nyumbani mkewe aliyaona matundu. Alisema tu, "Leta hilo shati nilitie kiraka." Baadaye kidogo akasema, "Au basi, liache."

Jumanne alimwambia anakwenda kununua wembe, akapita dukani bila kusimama, akaenda mpaka stendi. Mama mkwe alikuwa amemtajia mara tatu kwamba basi lao linaondoka saa tatu. Aliwakuta kando ya begi kubwa lililofungwa kwa kamba ya viatu. Fundi alifurahi kumwona, akampa mkono kwa mikono miwili.

"Mzee Taratibu! Umekuja kutuaga, au una wageni wengine unawapokea?"

"Nimepita tu."

"Jumapili tulizifuata zile nyayo za manjano, tukamalizia namba zilizobaki," alisema mkewe fundi. "Mnara ni mzuri. Lakini mama hazungumzii mnara."

"Nizungumzie mnara wa nini? Ni nguzo," alisema mama mkwe. Akamshika mzee mkono juu ya kiwiko. "Sikiliza. Mwakani nakuja na dada zangu wawili. Wanene kuliko mimi. Tutakukuta pale pale forodhani, saa mbili?"

Mzee alimtazama. Mfuko wa shati lake ulikuwa wazi mbele ya macho ya mama huyo, na matundu mawili, lakini yeye hakuwa mtu wa kutazama mifuko.

"Ulizeni Taratibu," alisema. "Watawaonyesha."

Kondakta alianza kupiga mlango kwa kofi. Wakapanda kwa vurugu, begi likakwama, mama mkwe akamwambia kondakta kwamba alipoanza yeye kupanda mabasi kondakta huyo alikuwa bado hajatungwa, na abiria wote wakacheka. Aliwaona kwa dirisha wakitafuta viti. Wakapata vitatu vya pamoja, upande wa pili, unaotazama bahari. Basi likanguruma. Mzee aliinua mkono, akauacha juu mpaka basi lilipopinda kwenye kona ya bohari. Vichwa vitatu vilikuwa vimegeukia maji, na cha katikati kilikuwa kinaongea.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona.